Jina Nililompa Mzee Twaha

Wanangu, siku ile mliponialika chuoni kwenu, pale karibu na Buxton, niwaeleze habari za kazi ya dukani, niliwapa maneno ya juu juu kisha nikakaa. Mwalimu wenu alikuwa ametuita wazee watatu. Wa kwanza alikuwa nahodha wa tagi, ile meli ndogo ya kuvuta meli kubwa bandarini, mkampigia makofi kabla hajafungua kinywa. Wa pili alikuwa mkunga mstaafu, na nusu ya ukumbi mlizaliwa mikononi mwake. Ilipofika zamu yangu, msichana wa safu ya mbele akaniuliza, "Na wewe babu, ulikuwa ukifanya kazi gani?"

Nikasema, "Nilikuwa kwenye biashara ya viatu."

Sikuwa kwenye biashara ya viatu. Nilikuwa nikiwavisha watu viatu. Nilikuwa yule mtu anayekuja na boksi mkononi, akapiga goti mbele yako, akakuvua, akakupima, akakuvisha, akakufunga kamba. Na hata leo nimeshastaafu, meno yamepungua, lakini nikiulizwa kazi yangu mbele ya watu, ulimi hutafuta neno lenye heshima zaidi kuliko kazi yenyewe.

Kisha kijana mmoja wa nyuma akauliza kama kazi ya dukani bado ipo, au ni ya kupoteza wakati. Nikajibu, "Ipo, inshallah," nikaketi. Hilo si jibu la mtu mzima. Basi nimekaa nyumbani kwangu Kibokoni nikaona niwaandikie jibu lenyewe, pamoja na aibu zake, maana sijui namna ya kuvitenga.

Niliingia dukani kwa sababu nilikosa bandarini. Hivyo tu. Marehemu baba alikuwa maalim, mtu wa kubusiwa mkono njia nzima akienda msikitini, na alitaraji mwanawe awe karani wa kukaa kitini. Duka nililopata lilikuwa Barabara ya Digo, mali ya Mhindi mmoja wa Kibohora, mpole, tuliyemwita Tajiri. Muuzaji mkuu alikuwa Bwana Mutua, Mkamba, mtu wa kanisani, shati lake jeupe limepigwa pasi hata ukadhani lasimama lenyewe. Yeye ndiye aliyenifunza.

Siku ya kwanza alinikabidhi mama mmoja wa makamo. Mama akakaa, akaninyooshea mguu. Nikabaki nimesimama nikiutazama. Katika maisha yangu sikuwa nimeshika mguu wa mtu isipokuwa wa baba, nikimkanda. Nikajikaza, nikapiga goti, nikajaribu kiatu, kikakataa kuingia. Nikamwambia kwa nia njema kabisa, "Mama, mguu wako mkubwa."

Mama alivaa ndara zake akatoka bila kuaga. Bwana Mutua akanivuta nyuma ya rafu.

"Mbarak," alisema, "mguu wa mteja hauwi mkubwa hata siku moja. Kiatu ndicho kilichokuja kidogo. Unamwambia, samahani mama, hiki kiwandani wamekipunja, ngoja nikuletee kingine. Umesikia?"

Nilisikia. Na mengine mengi nilisikia kwake. Usimletee mteja maboksi mengi, atachanganyikiwa aondoke. Kitazame kiatu alichokuja nacho kabla hujamwuliza anataka nini, kwa sababu kisigino kilicholika upande mmoja kitakuambia anavyotembea, na yeye mwenyewe hajui. Mguu hufura mchana, kwa hivyo anayenunua asubuhi mwachie nafasi kidogo. Kiatu cha mtoto, usimwulize mamake kama kinambana, mwambie mtoto akimbie hadi mlangoni na kurudi, utamwona. Na mama zetu wa Mji wa Kale, ambao hawamnyooshei mguu kijana wa kiume asiye wao, waweke kiatu chini na kijiko chake cha kuvalia, ugeukie rafu uipanguse, mpaka usikie "haya".

Kazi ile nilikuja kuijua, tena kuipenda. Lakini kuipenda hakukuniondolea aibu. Kioo cha duka kilikuwa kikubwa, na kila kijana niliyesoma naye akipita aliniona nimeinama. Wakati wa kuposa, wazee wangu waliwaambia wakwe kwamba kijana wao "yumo kwenye biashara ya viatu", na mimi sikusema neno. Mke wangu Rukia mpaka leo hunitania: "Niliposwa na mwenye duka, nikaolewa na mwenye goti." Hucheka akisema. Nami hucheka. Lakini huuma.

Sasa niwaambie kazi ilivyobadilika, maana ndilo mlilouliza.

Haikubadilika kwa kishindo. Kwanza watu walianza kuingia, wakajaribu kiatu, wakakipiga picha, wakatoka. Tulidhani wanaenda kushauriana na wake zao, kumbe wanaenda kukitafuta kwenye simu kwa bei ya chini. Kisha mitumba ikapanda daraja, ikawa viatu vizuri kuliko vyetu vimepangwa chini kwenye turubai. Bwana Mutua akastaafu, akarudi kwao. Tajiri akazeeka, duka likashikwa na mwanawe Hatim, kijana wa adabu. Yeye ndiye aliyeniita siku moja akanipa simu ya duka.

"Ami Mbarak," akaniambia, "wateja sasa wako humu. Mtu akiuliza kiatu, wewe mjibu."

Nikawajibu. Lakini mimi nimelelewa kwamba mtu huanzi kumuuzia kabla hujamsalimu. Basi kila aliyeandika "iko namba arubaini na mbili?" nilimwandikia: Assalamu alaykum ndugu mteja, umeamkaje, natumai u mzima pamoja na jamaa zako. Kwa kidole kimoja. Nikimaliza kumwuliza habari za watoto, keshanunua kwa mwingine. Wasichana wawili wa dukani walinicheka hata wakakaa chini, na mmoja wao, Zawadi, akaichukua simu taratibu mkononi mwangu, kama umnyang'anyavyo mtoto kisu. Hakunidharau. Alikuwa ananihurumia, na hilo ndilo lililonichoma.

Mwaka haukupita, duka likafungwa. Hatim akaweka mali yake stoo, akabaki na Zawadi na simu. Mimi nikaenda kutafuta kazi nikiwa na mvi kichwani.

Msinifiche, nyinyi mmeshakwenda kuomba kazi hizi, mnajua zilivyo. Duka moja liliniambia wanataka vijana. La pili likataka mtu wa kujua kompyuta ya kaunta. La tatu, la simu, likaniambia hakuna mshahara, kuna kamisheni tu, usipouza huli. Mwisho nikapata kibarua cha promosheni nje ya supamaketi moja. Kampuni ilikuwa ikitangaza dawa yake ya viatu. Msimamizi, kijana wa umri wenu, aliuliza kama najua kuongea na wateja. Nikasema hiyo ndiyo kazi yangu. Akafurahi. Akafungua gunia akatoa vazi.

Lilikuwa kopo. Kopo jeusi la dawa ya viatu, la sponji na kitambaa, kubwa kuliko mtu. Unaliingia kwa juu, mikono inatokeza kwenye matundu, miguu inabaki nje, na unaona kwa kitundu chenye wavu kilichofichwa kwenye maandishi. Ukishalivaa huwezi kuongea na mteja yeyote, maana hakuna anayekusikia. Kazi ni kupunga mkono na kuchezacheza muziki ukilia. Jua la Mombasa mwalijua. Nyeusi mwaijua inavyolipenda jua.

Nyumbani nilisema nimepata kazi ya kusimamia mauzo.

Nitawaambia kitu ambacho sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Siku za mwanzo nililipenda lile kopo. Kibokoni yote ilipita mbele yangu, wajomba, majirani, watu wa msikiti mmoja nami, na hakuna aliyenitambua. Watoto waliuchezea mkono wangu. Binti yangu Nuru, mwalimu wa chekechea, alipita na mkoba wake, macho mbele, nami nikageuka upande wa pili nikashukuru Mungu kwamba hakujua.

Kisha siku moja ya joto kali macho yakaniingia kiwi. Nikakaa kwenye ngazi ya supamaketi, nikalivua kopo. Watu wakanizunguka kidogo, wakaondoka. Mzee mmoja wa rika langu, kofia ya kiua na kanzu safi, ndiye aliyebaki. Alinishika kwapa akanisogeza kivulini, akaingia ndani akanunua chupa ya maji, akanifungulia mwenyewe.

"Kunywa taratibu, ndugu yangu. Umekula?"

"Nimekula, alhamdulillahi."

"Kazi hii si ya umri wetu. Lakini ni halali, na halali ina baraka zake. Mimi ni Twaha, wa Bondeni. Nilikuwa karani wa reli. Na wewe u nani, kwenu wapi?"

Wanangu, mtu amenipa maji. Amenishika mkono hadharani, mimi nimelowa jasho kama aliyetolewa baharini. Nikafikiri: Bondeni ni hatua chache na kwetu. Nikimwambia mimi ni Mbarak mtoto wa Maalim, kabla ya magharibi mji mzima utajua mtoto wa Maalim anacheza ngoma ndani ya kopo.

"Naitwa Juma," nikasema. "Wa Buxton."

"Basi Bwana Juma, Mungu akupe nguvu," akasema, akaenda zake.

Baada ya hapo Nuru akaletewa posa. Kijana mwenyewe, Is'haka, walikuwa wamejuana kwa adabu kupitia kwa shoga yake, na Rukia alishamsikia akampenda. Kijana afanya kazi ofisini, tukaambiwa, ofisa wa mauzo wa kampuni ya simu. Siku ya wazee wake kuja tulitandika sebule, tukaandaa halua na kahawa, na kaka yangu Omari, aliye msemaji wetu, akakaa mahali pa heshima. Tulimfungulia mlango mgeni wa kwanza, nami nikanyoosha mkono kumpokea.

Alikuwa Mzee Twaha.

Alinitazama, uso ukamfunguka kwa furaha. "Bwana Juma!" akasema kwa sauti. "Kumbe na wewe waijua nyumba hii! Umeshapata nafuu?"

Omari akacheka. "Hapana, sheikh, umemfananisha. Huyu ni ndugu yangu Mbarak, baba wa binti. Mfanyabiashara wa viatu."

Mzee Twaha, aliyekuja kumposea mwanawe Is'haka, hakuuachia mkono wangu. Alinitazama tu. Ningeweza kusema ndiyo, umenifananisha. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nyuma ya pazia nilijua wako Rukia, dada zangu, na Nuru.

"Hajanifananisha, Kaka," nikasema. "Mimi si mfanyabiashara. Nilikuwa muuzaji wa duka la watu, na sasa duka limefungwa, navaa lile kopo nje ya supamaketi. Huyu bwana alinipa maji, nami nikampa jina la uongo."

Nikasikia kikombe kikiwekwa jikoni. Mzee Twaha akakaa. Kahawa ililetwa, akainywa, maana ni muungwana. Wenzake walizungumza habari za mvua. Alipoinuka, alinivuta kando karibu na mlango.

"Kazi yako nilikuona ukiifanya mchana, na sikuiona aibu," akaniambia pole pole. "Lakini nilikuuliza jina lako kama ndugu, ukanificha. Sasa nitajuaje lipi lingine mmenificha humu ndani? Tupeni muda tufikiri."

Wakaenda. Omari alinilaumu mpaka akachoka. Rukia alikusanya halua akaifunika. Nami niliingia msikitini kila siku nikijua habari zimeshanitangulia, na kila aliyenisalimu nilihisi anayazuia meno yake yasionekane.

Muda wa kufikiri ukawa mrefu. Nuru alikuwa akienda kazini na kurudi, anakula kidogo, anajibu anachoulizwa. Alasiri moja nilimfuata dirishani, nikamwambia, "Mwanangu, nisamehe. Nimekuvunjia."

"Baba," akasema, "umesema kweli mbele ya watu. Is'haka hajasema."

"Hajasema nini?"

Akaanza kulia. Alikuwa amekaa na jambo lile peke yake. Is'haka hakuwa ofisini. Alikuwa muuzaji wa duka la simu Mwembe Tayari, wa kusimama mlangoni. Alikuwa amemwambia Nuru tangu mwanzo, ila wazazi wake walijua yuko ofisini na hakuwa na uso wa kuwaeleza. "Naye amesikia yaliyotokea hapa," Nuru akasema, "ndiyo sasa amezidi kuogopa."

Nitakuwa mwongo tena nikisema sikufurahi. Nilifurahi. Kwa kitambo kidogo nilijiona nimebeba jiwe la kumrudishia Mzee Twaha. Wewe uliyeniuliza kuna lipi lingine, kumbe lako liko kwako! Nililala na wazo hilo, nikaamka nalo, na asubuhi nilipokuwa nikipaka viatu vyangu dawa, nikajiona nilivyo: mtu mzima anayetaka kujifuta aibu kwa mtoto wa mwenziwe. Nikaenda Mwembe Tayari.

Nilimwona kabla hajaniona. Fulana ya rangi ya kuumiza macho, kipaza sauti mkononi, anaita wapita njia. Alikuwa hodari, wallahi. Alimwita bibi mmoja, akamwinamia, akamwuliza simu yake ya zamani inamsumbua nini, akamsikiliza hadi mwisho ndipo akamwonyesha nyingine. Kijana wa kuvaa fulana ile na bado akamsikiliza mteja hadi mwisho, huyo Bwana Mutua angemwajiri papo hapo.

Aligeuka akaniona. Kipaza sauti kilishuka polepole.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Unauza vizuri."

Hakuweza kunitazama. Tukaenda kando, penye muuza kahawa. Nikamwuliza anavyolipwa. Kamisheni tu. Mkataba? Hana, ameahidiwa. Ameahidiwa lini? Tangu alipoanza. Nikamwambia aliyonieleza Bwana Mutua zamani, nami sasa nawaambia nyinyi: muulize mwajiri mambo hayo mapema, wakati bado anakuhitaji na mauzo yako ni mazuri, usingoje mwezi mbaya. Na ujuzi wa wateja ni wako, ukihama, hama nao. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Baba yangu akijua, ataona nimemdhalilisha."

"Mimi nilidhani hivyo juu ya baba yangu mpaka akafa," nikamjibu. "Sikumwambia hata siku moja kwamba kazi ile naipenda. Nawe wataka kungoja mpaka hapo?"

Alitazama fulana yake. "Twende pamoja," akasema. "Peke yangu sitaweza."

Tulikwenda Bondeni baada ya alasiri. Is'haka hakubadilisha fulana. Nilimwambia abadilishe, akakataa, akasema akiivua hatasema. Mzee Twaha alitufungulia mwenyewe. Alimtazama mwanawe, akanitazama mimi, akatukaribisha bila kuuliza.

"Baba," Is'haka akaanza, "hii ndiyo nguo yangu ya kazi. Mimi si ofisa. Nauza simu mlangoni Mwembe Tayari."

"Tangu lini?"

"Tangu niache chuo. Ofisini sijawahi kuingia."

Mzee Twaha aliivua kofia yake akaiweka pajani. "Kwa nini ukanificha, mwanangu? Mimi nimekuwa mkali kwako hivyo?"

"Hukuwa mkali. Nilikuambia nimepata kazi kampuni ya simu, na kabla sijamaliza wewe ukaenda msikitini ukawaambia wenzio mwanangu yuko ofisini. Ulifurahi mno. Nikashindwa kukurudisha."

Yule mzee, naona, alikuwa akijitazama pale barazani kwa msikiti, akijisifu. Masikio yake yakawa mekundu. Mimi niliinamisha macho, kwa sababu aibu ile naijua, na mtu akiwa ndani yake hatazamwi.

"Bwana Mbarak," akasema mwishowe, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina langu. "Ulijua haya?"

"Nimeyajua jana."

"Nawe hukuja kunitupia."

"Nilitaka," nikasema. "Nilitaka sana."

Hapo akacheka, kicheko kifupi chenye machozi. "Mimi nilikasirikia jina lako," akasema, "kumbe nyumbani kwangu watu watatu tunakula sahani moja na hatujuani." Akamwita mkewe alete chai. Akamwambia Is'haka akae, na kijana akakaa na fulana yake ile, na hiyo ndiyo siku posa ilipokubaliwa, bila msemaji na bila halua.

Basi jibu langu kwenu ni hili. Kazi ya dukani ipo, lakini si ile niliyoifanya mimi. Mlango umehamia kwenye simu, mshahara umegeuka kamisheni, na mkataba ni wa promosheni tu. Wangu uliisha dawa ilipomaliza kutangazwa, nikapewa mkono na kofia. Wapo watakaodumu, na wengi wao ni wale wanaojua simu kama Zawadi na wanaomsikiliza mteja kama Is'haka, yote mawili katika mtu mmoja. Wapo watakaoiacha baada ya miezi, na hawana kosa. Is'haka aliomba mkataba wake, akakataliwa, akahamia duka jingine waliompa. Sitawadanganya kwamba ni kazi ya kutajirika. Wala sitawadanganya kwamba aibu yangu imekwisha. Mlinisikia wenyewe ukumbini juzi nilivyojibu.

Lakini kuna jambo moja lililotokea baada ya posa kukubaliwa, kabla kibarua hakijaisha. Nilikuwa nimekaa na Nuru tukichambua mchele, nikamwuliza alijua lini habari za kopo. Nilidhani atasema siku ile ya wageni.

"Nilijua siku niliyopita," akasema. "Nilikuona unavyosimama. Unasimama kama dukani, mkono mmoja nyuma."

"Mbona hukunisalimu?"

"Niliona umegeuka, Baba. Nikajua hutaki."

Nimemlea mtoto kwa adabu, adabu hiyo ikamfanya anipite babake njiani kama asiyenijua.

Kesho yake saa za watu kutoka kazini nilikuwa pale mlangoni, muziki unalia, napunga mkono. Kwa kile kitundu nikamwona Nuru anakuja na walimu wenzake wanne. Mwili ukataka kugeuka wenyewe. Nikauzuia. Akaja mpaka mbele yangu, akasimama, wenzake wakishangaa, na watu wa foleni wakitazama.

"Shikamoo, Baba!" akasema kwa sauti ya kufundishia watoto.

Watu walitazama huku na huku wakimtafuta huyo baba. Nikavuta pumzi mle ndani, nikajibu kwa nguvu zote nilizokuwa nazo mpaka msimamizi akazima muziki:

"Marahaba, mwanangu!"